Weusi wa Koti la Baba

Jumatatu, 3 Machi
Mama katuita. Anataka picha ya marehemu baba, kubwa, nyeusi na nyeupe, itundikwe mbele ya kiti chake. Daktari kamwambia macho yake yanakwisha na dawa hakuna. Anataka aushibe uso wa mumewe kabla giza halijaingia. Nililia. Kisha machozi yakanikauka: kazi hiyohiyo kampa na shemeji, mume wa dada yangu, mtu aliyenunua printa juzi! Kila mtu alete yake, atachagua mwenyewe. Mimi nina duka la picha tangu huyo shemeji hajaoa. Hapa patachimbika.

Jumatano, 5 Machi
Shemeji kaja dukani na karatasi nene ya pamba, isiyong'aa, na wino maalumu, mweusi na kijivu. Eti picha ya namna hii haichapishwi kwa kuchanganya rangi. Kijivu cha kununua! Akaniomba ushauri, kwa adabu zote. Nikampa. Nikamwambia karatasi ile hunywa weusi, koti la baba litatoka jivu. Achukue yangu inayong'aa, mimi nitateseka na hiyo yake. Tukabadilishana. Akanishukuru! Wajinga ndio waliwao.

Ijumaa, 7 Machi
Nimenunua wino wa chupa, wa rangi zote. Muuzaji kanionya kuwa rahisi huvunja upishi. Nikamjibu kwamba mimi sipiki, nachapisha.

Nimechapisha jioni, chini ya taa ya duka. Jamani! Koti jeusi tii, nywele nyeupe pepe. Hata kovu la kidevuni limetoka. Nikajikuta nampa baba shikamoo. Nikafunga duka mapema, moyo mzito.

Jumapili, 9 Machi
Maafa. Kiti cha mama kiko karibu na dirisha, na jua lilikuwa limeingia ndani lote. Nikafunua picha. Baba kijani! Koti kijani, paji la uso kijani kama ndizi mbichi. Chini ya taa alikuwa mzima! Dada akauliza kama baba alikufa kwa sumu. Nikalilaumu jua.

Shemeji akafunua yake. Kijivu safi, sikatai. Lakini ule mng'ao ukalibeba dirisha zima. Mama akasema anaona pazia, na bibi kizee mmoja, basi. Shemeji akaigeuza huku na huku hadi jasho likamtoka. Nilifurahi sana, Mungu anisamehe.

Mama akakunja mikono mapajani. Shemeji akaniomba kando nimrudishie karatasi yake iliyobaki, achapishe leo hii kwa wino wake. Nimrudishie, apate sifa? Nikasema imekwisha. Ipo chini ya kitanda changu, bunda zima.

Jumanne, 18 Machi
Mama kamuuliza dada kwa nini taa haziwashwi siku hizi. Ilikuwa adhuhuri. Sikuweza kula. Karatasi ya shemeji aliyoagiza upya bado iko njiani. Nikafikiria kulifungua lile bunda. Nikafikiria tena.

Alhamisi, 27 Machi
Macho ya mama yamezimika kabisa. Shemeji kaleta picha mpya asubuhi: haing'ai, si kijani, baba mwenyewe, nusura akohoe. Mama akaipapasa. Akaomba na yangu, akaipapasa pia, polepole, akitafuta mahali pa uso. Akauliza kama ile ya mwanawe bado ni kijani. Shemeji akamwambia hapana mama, imetulia, ni nyeusi, nzuri sana. Mama akasema basi itundikwe hiyo.

Nimeshinda! Na shemeji mwenyewe kakiri, mbele ya mashahidi. Nimeshaagiza chupa nyingine za wino uleule. Yeye alitoka uani, akasimama akiukabili ukuta, akifuta macho. Wivu ni kitu kibaya sana.