Mandhari ya Hatua Kumi

Jumatatu, 4 Machi
Nimenunua sanaa! Nakala ya mandhari ya wale wachoraji wa Kifaransa, maimpreshenisti, fremu ya dhahabu: bwawa, miti, jua la asubuhi. Jumamosi baba wa mchumba wangu anakuja kukagua ninapoishi kabla hajatoa jibu la posa. Mkuu wa shule mstaafu, hana mchezo. Jirani yangu fundi cherehani, mlango wake unatazamana na wangu, ukutani ana kalenda tu. Ya mwaka juzi! Mimi na yeye ni mbingu na ardhi.

Jumatano, 6 Machi
Balaa. Nyumbani picha ni madoa matupu! Nimeirudisha dukani nikifoka. Muuzaji akacheka, akasema mtindo ndivyo ulivyo: nisimame hatua kumi, nitaliona bwawa. Chumba changu kina hatua nne. Nimepima mara tatu. Mara ya tatu nilipiga hatua fupi, zikafika saba.

Alhamisi, 7 Machi
Akili ni mali! Kutoka ukutani kwangu, kupitia mlangoni, kukatiza korido, hatua ya kumi inaangukia kwenye kochi la fundi. Nimembembeleza amkalishe mzee hapo. Akauliza kama ampe chai. Nikamwambia ampe chochote, mradi asimkingie picha.

Jumamosi, 9 Machi
Mzee kafika na binti yake. Nikawaingiza moja kwa moja kwa fundi, nikarudi kwangu kusimama kando ya picha na mwiko wa kuonyeshea. Nilieleza mwanga mpaka sauti ikakauka. Mzee akapaza sauti kwamba bwawa analiona. Ushindi! Walikaa saa tatu. Vicheko tele. Fundi alimshonea mzee kifungo cha koti. Binti akamimina chai. Mimi sikubanduka, nani angeeleza?

Jumapili, 10 Machi
Mchumba kaja. Kasema baba kapapenda: pasafi, pana ukarimu, na ukitazama nje unaona bwawa. Nikaruka kwa furaha. Akanituliza, akasema ni kwa fundi, na ndiko baba anakotaka aolewe. Na yeye mwenyewe hana pingamizi. Nimelia kama mtoto.

Ijumaa, 26 Aprili
Harusi yao kesho. Nimetafakari sana, kosa nimeliona: picha niliitundika upande usio wake! Nimewanunulia zawadi, picha ya shamba la ngano, hatua kumi vilevile. Wakiitundika kwao, pa kuionea ni kitandani kwangu. Bibi harusi atakuja mwenyewe. Majani ya chai nimeshanunua.