Barua ya Kichocho Yavishwa Nguo za Posa

Jumatano, 2 Septemba 1959

Mkutano barazani kwa Mzee Duni. Daktari wa Kizungu, yule anayechota konokono bondeni miaka miwili sasa, katusomea barua. Wakubwa wa kwao wako tayari kutoa nusu ya gharama za dawa ya kichocho, vyoo na pampu ya maji safi. Nusu ya pili itoke serikalini, kwa Mudir wetu anayetawala huku, tena Mudir mwenyewe aketi na watafiti tangu siku ya kwanza. Asipotaka, basi. Barua isipotiwa saini kabla ya meli ya Jumatatu kuondoka bandari ya Mkoani, fedha zinakwenda nchi nyingine. Nchi nyingine! Na kichocho tunacho sisi!

Mwanangu Ame ana miaka saba. Anakojoa damu tangu Mfunguo Tatu. Sisi tuliikojoa tukadhani ndio ukubwa. Daktari kasema si ukubwa, ni maradhi, na huua. Nilishtuka hata nikashika kiuno.

Likaja na jambo la pili: itaundwa kamati ya kazi hii, yenye katibu, na katibu atapewa baiskeli. Mpya! Nikamwona Jecha, dresa, mfunga vidonda wa zahanati, anajilamba midomo. Nikasimama kabla yake. Nikasema Mudir namjua sana, barua nitaipeleka mimi. (Nilimshikia mwavuli mwaka juzi. Mvua yenyewe haikunyesha.) Wakakubali.

Alhamisi, 3 Septemba

Ofisini. Tarishi, jina lake Mgeni, hakunitazama hata usoni. Akanionyesha kapu, barua zote humo. Nikachungulia. Ya juu kabisa inaomba ruhusa ya ngoma ya harusi. Bibi harusi keshazaa wawili! Mudir yuko Wete, harudi mpaka Jumapili. Nikarudi na barua yangu kwapani. Jecha akanikuta njiani, akaniuliza kwa upole kama Mudir kauulizia mwavuli wake. Ebo!

Wazo limenijia nikila muhogo. Barua gani haiingii kapuni? Ya posa! Ya posa hupokewa nyumbani, kwa mikono miwili, na jibu lake halichelewi. Mimi siposi mtu, hasha. Naazima nguo zake tu. Kitambaa cha hariri nimekitoa sandukuni kwa mke wangu Mize, kile kile kilichobeba posa yake. Sikumwambia. Anauliza sana maswali.

Ijumaa, 4 Septemba

Baada ya sala nimewatuma wazee watatu nyumbani kwa Mudir, Mzee Duni mbele, makanzu ya maulidi, tambuu kwenye sinia, na barua imefungwa ndani ya kitambaa. Niliwaambia wasiseme mengi. Mimi nikajibanza nyuma ya ua.

Walikaribishwa ukumbini. Nyuma ya pazia yuko dada yake Mudir, Bi Bimkubwa, mjane mwenye mikarafuu asiyoijua idadi. Mzee Duni, kwa mazoea yake, akasema wamekuja kwa heri, wanaomba udugu na nyumba hii. Akaulizwa aliyewatuma nani. Akanitaja jina langu na la baba yangu. Uongo hapo uko wapi? Mara vigelegele! Nikashangaa. Sikujua kama nyumba ile wanaipenda afya kiasi hicho.

Jumamosi, 5 Septemba

Lahaula! Lahaula!

Wazee kutoka kwa Mudir wamekuja kwangu asubuhi. Mimi niko kisimani, Mize kawapokea. Posa imekubaliwa! Bi Bimkubwa hasomi Kizungu, lakini kafurahi mno: waume zake wawili marehemu walimposa kwa mdomo, huyu wa sasa kapiga taipu! Kitambaa wamekirudisha, haluwa imefungwa ndani.

Mize alikitazama kitambaa. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga! Akaniuliza jambo moja tu: mtoto anakojoa damu, nawe unakwenda kuposa, tena kwa kitambaa changu? Nikamweleza habari ya nguo za kuazima. Kila nilivyoeleza ndivyo yalivyozidi kuharibika. Kamchukua Ame na mkeka, kenda kwa mama yake. Haluwa kaniachia. Nina majonzi, haipiti kooni. Nimekula nusu tu.

Jumapili, 6 Septemba

Mudir karudi. Nimeitwa. Ukumbini: Mudir na barua mkononi, Daktari, na Jecha. (Nani kamwita?) Mudir akaniuliza naposa dada yake au naposa pampu. Nikasema pampu, Bwana. Jecha akajifanya anakohoa.

Bi Bimkubwa akasema nyuma ya pazia kwamba tangu kuzaliwa hajapata kuaibishwa hivi. Nikautafuta mlango kwa macho. Akataka asomewe barua yote, kwa Kiswahili. Daktari akasoma. Alipofika penye watoto na damu, sauti ya Bibi ikabadilika. Akasema mwanawe, jina lake Masika, alikojoa damu miaka, akavimba, akafa hajabaleghe. Watu wakamwambia ni jicho la hasidi. Hakuna aliyecheka tena. Mimi machozi yalinitoka, sioni haya kuyaandika.

Akaagiza Mize aitwe, apate yeye mwenyewe kumtaka radhi. Mize akaja na Ame, na daftari! Kumbe mke wangu kaandika, kwa herufi za Kiarabu, kila nyumba yenye mtoto anayekojoa damu, na kila mtoto huoga wapi. Miezi mitatu! Ndani ya nyumba yangu! Daktari akasimama wima. Orodha hiyo ndiyo anayoitafuta miaka miwili. Bi Bimkubwa akamwambia Mudir atie saini sasa hivi, la sivyo chakula cha mchana akakitafute huko huko Wete. Mudir akatia. Na mimi siku zote nadhani mwenye amri ni Mudir!

Katibu wa kamati ni Mize. Mtume! Baiskeli ya Mize!

Jumatatu, 7 Septemba

Barua imepanda meli. Daktari kamchoma Ame sindano ya kwanza kwa dawa ya mkobani mwake. Kalia, kapewa haluwa iliyobaki. Mize karudi nyumbani. Sanduku lake sasa lina kufuli. Baiskeli kakabidhiwa leo, hajui kuipanda, kwa hiyo yeye anatangulia na daftari, mimi nasukuma. Jecha katupisha njia, katabasamu tu. Heri angesema.

Jioni Daktari kasema imebaki saini moja, ya Bwana Mkubwa wa Unguja, ndipo vyoo vijengwe. Kapu la huko, kasema, ni kubwa kuliko la kwetu. Mize anasema tuandike vizuri, tungoje. Tungoje! Watu hawa hawajui kazi. Iko barua moja tu isiyokataliwa na mlango wowote duniani: ya tanzia. Si kwamba kuna aliyekufa, hasha. Naazima nguo zake tu. Mzee Duni nimeshamwambia afue kanzu. Sasa naulizia kama Bwana Mkubwa ana shangazi.