Muhuri wa Mwaka Jana

Jumatatu, 2 Machi
Nimekwisha! Klabu ya roboti ya shule imetengeneza mkono wa bati unaogonga mihuri. Fomu mia kwa dakika kumi. Mwalimu mkuu kapiga makofi, kasema mkono huo ndio utakaogonga fomu za kuchagua masomo. Kugonga mihuri ndiyo kazi yangu ya ukarani ofisini. Yote, ukiondoa kupokea simu.

Jumanne, 3 Machi
Mpango wa kwanza: wanafunzi wakikimbia fizikia, somo linaloilisha klabu, klabu itakufa yenyewe. Nilimwambia mpwa wangu, binti wa dada, fundi mkuu wa ule mkono, kwamba roboti huharibu macho. Akauliza, mjomba, mbona miwani umevaa wewe, na roboti hujawahi kuigusa? Wenzake wakashika mbavu. Golikipa wa shule, mwanaklabu aliyekuwa akisitasita kuchagua, akafuta historia kwenye fomu yake palepale, akaandika fizikia. Mkosi gani huu!

Jumatano, 4 Machi
Mpango wa pili, wa kitaalamu. Asubuhi nilirudisha tarehe ya muhuri nyuma mwaka mzima, nikaufungia drooni hadi walipouhitaji. Mkono ukagonga fomu mia na arobaini. Zote za mwaka jana! Nikashika kichwa, nikalalama kwamba mashine haziaminiki. Mpwa wangu akajibu kwa adabu kwamba mkono hugonga tu kile unachopewa. Mwalimu mkuu akauliza ufunguo wa droo anao nani.

Ninao mimi. Peke yangu.

Alhamisi, 5 Machi
Sijafukuzwa. Onyo la maandishi: kosa moja zaidi, nyumbani. Adhabu ni kugonga fomu zote upya. Ndipo nikazisoma. Mpwa bado anataka uuguzi, kama tangu utotoni, ila sasa kaongeza fizikia: atengeneze vitanda vinavyomgeuza mgonjwa. Golikipa kaandika sababu yake: klabuni nilikosea mara kumi na mbili na hakuna aliyenifukuza.

Nikafuta miwani. Vumbi tu.

Ijumaa, 6 Machi
Mwalimu mkuu kanifanya karani wa klabu, eti nijifunze. Mpwa kanivutia kiti, kasema mjomba usiogope, mkono wetu haung'ati. Nikaguswa kweli. Nikaapa kubadilika.

Kisha wakanionyesha mkono mpya. Unapokea simu!

Umeshikwa na skrubu moja tu begani. Ikilegea kidogo, nani atajua? Utakaa stoo hadi Jumatatu, na ufunguo wa stoo ninao mimi. Peke yangu.