Ombi la Kuzimwa Swichi Kubwa ya Baba Mkwe

Kwa Baba Mkwe,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na Mama Mkwe naye goti limempa nafuu. Mimi ni mzima wa mwili tu. Nakuandikia kwa unyenyekevu, lakini kwa uchungu, kuhusu soketi za umeme za nyumbani kwako, ambazo zinanivunjia ndoa.

Leo ni siku ya tisa tangu mwanao aje kwako na cherehani yake ya umeme, akisema anamalizia sare za kwaya kisha anarudi. Sare zilikwisha Jumanne. Kwaya imeshaimba, watu wameshapiga makofi, na mke wangu bado yuko kwako. Malalamiko yangu ni haya:

1. Soketi zako zinafanya kazi. Zote, hata ile ya nyuma ya kochi isiyotumiwa na mtu. Baba, mwenye binti aliyeolewa anafaa kuwa na japo soketi mbili mbovu, ili binti akija kutembea akumbuke kwake.

2. Soketi zangu tatu, ya chumba cha kushonea, ya sebuleni na ya jikoni, zimekufa siku moja, na sikubali kwamba kosa ni langu. Ile ya kushonea ilikuwa inapata moto kidogo tu. Mwanao akasema tumwite fundi. Nikamjibu kwamba nyumba yenye mwanamume na bisibisi haihitaji fundi. Nikazima swichi kubwa, nikaifungua soketi, nikapuliza vumbi, nikaifunga. Tangu hapo, kimya.

3. Ajabu ni kwamba umeme umo. Nikiingiza tester ya kupimia umeme, kijitaa chake kinawaka. Nikichomeka pasi, baridi tupu. Yaani umeme unaitika ukiitwa, ila kazi haufanyi. Nilipomweleza mwanao kwa simu, alisema ameishi na mtu wa namna hiyo miaka sita. Sikupenda alivyocheka.

4. Kwa dhiki hiyo nimevuta waya kutoka chumba cha kulala hadi kwenye jokofu la jikoni. Umekatiza korido. Nimeanguka mara nne, mara ya mwisho nikiwa na sufuria ya maharage. Jirani aliyekuja kunipa pole naye akaanguka, akaondoka na pole yake.

5. Nasikia Mama Mkwe amemwekea mwanao meza ya kushonea dirishani. Baba, meza! Leo meza, kesho kabati, keshokutwa wateja wataelekezwa huko, na mimi nitabaki mtu wa kusalimiwa kwa simu.

Kwa hiyo naomba uzime swichi yako kubwa kila siku, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, kwa wiki moja. Ukiulizwa, sema ni mgao. Ukiona hilo ni zito kwa sababu ya taarifa ya habari ya mchana, niko tayari kuja mwenyewe na bisibisi yangu nizihudumie soketi zako kama nilivyozihudumia zangu. Matokeo nayadhamini.

Nisalimie Mama Mkwe, na shemeji aliyeniazima tester, asiidai kwanza. Huyo mshonaji wa dirishani msalimie kwa sauti ya kawaida tu, asijue kwamba nimemuulizia.

Ni mimi mkweo mtiifu, ninayeandika nikiwa nimeketi koridoni, karibu na waya,

Mume wa binti yako

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha nilishindwa, nikamwita fundi. Amemaliza chai yangu haijapoa. Kumbe soketi ya kushonea ndiyo inayozipelekea umeme zile mbili, na humo ndani waya mmoja, ule wa kurudishia umeme, ulikuwa umechomoka. Akauliza nani aliifungua mara ya mwisho, nikatazama dari. Zote tatu sasa ni nzima, kwa hiyo usizime chochote, na yote niliyoandika hapo juu uyafute. Nimewasha taa ya kushonea nikaketi pale, Baba, nikagundua kwamba sikuwa na shida ya umeme. Mke wangu alisema kweli tangu siku ya kwanza, na mimi nyumba hii bila yeye siiwezi. Kesho asubuhi nakuja kumwomba msamaha mbele yenu. Akikubali, cherehani nitaibeba mimi.