Nilivyomhoji Kogo Kuhusu Pengo Lake

Leo nimejiaibisha mbele ya serikali, mbele ya bosi wangu na mbele ya ukoo wetu mzima, pamoja na waliozikwa. Nimekaa nyuma ya kliniki naandika hii kabla ujasiri haujaisha.

Wengi mnajua niko mapokezi katika kliniki ndogo ya meno hapa Kapsoit. Sikusomea. Kupanga wagonjwa, kuchemsha vyombo, yote nilijifunza mwenyewe kwa simu. Bado niko kwa majaribio. Daktari aliniambia hivi: "Wakaguzi wa leseni wakija na tupite bila doa, nakuandika kazi ya kudumu."

Bila doa! Mtu kama mimi haambiwi neno kama hilo. (Mimi hupiga pasi hata soksi.)

Basi nikasoma sheria zote. Daktari lazima awe na leseni ya mwaka huu. Chebet, anayesafisha meno, lazima awe na yake, na asifanye kazi ambayo leseni hiyo haimruhusu. Kliniki yenyewe ina yake. Zote zikae ukutani mahali mgonjwa anaziona. Mimi sina leseni, kwa hivyo mkono wangu hauingii kinywani mwa mtu, hata akinililia. (Zile leseni nilikuwa nimezifunika na vitambaa vya kufuma zisipate vumbi. Nilipofika hapo pa "anaziona", nilivitoa mbio.)

Asubuhi mkaguzi akaja. Mama mpole, sweta ya kijani, faili kwapani. Akaangalia kuta. Akaangalia vyombo. Akaandika. Halafu akanigeukia mbele ya wagonjwa wote.

"Nasikia kuna watu wanazunguka masoko na koleo, wanang'oa watu meno bila leseni. Mtu aliyepitia kwa hao akija hapa, wewe unafanya nini?"

"Namuuliza aling'olewa na nani na wapi, kisha namwambia daktari aripoti!" Nilijibu kama mtoto wa nasari anayetaka kupigiwa makofi.

"Vizuri sana," akasema.

Ningenyamaza hapo, saa hii ningekuwa nakunywa chai. Lakini mlango ukafunguka, akaingia kogo mmoja, nyanya mzee kabisa, shuka begani, anaumwa na jino la nyuma. Akatusalimia wote akitabasamu. Na hapo chini, katikati, meno mawili hayapo.

Nikaona bahati imenifuata mpaka kazini.

"Chamgei, kogo," nikamsalimia. "Hayo mawili ya chini, nani alikung'oa?"

"Mama mmoja wa kwetu."

"Hospitalini?"

"Hospitali gani? Nyuma ya boma."

Nikamtupia mkaguzi jicho la ushindi. "Alikung'oa na nini?"

"Na chuma. Nyembamba hivi."

"Bila sindano ya ganzi?"

"Ganzi ni nini? Unaambiwa usilie, na hulii."

"Na alikuwa na leseni?" Hapo nilipaza sauti, hata wa nje wasikie. "Kwa sababu hilo ni kosa, kogo! Huyo mtu anafaa kushikwa!"

Mzee mmoja aliyekuwa ameshika shavu akaanza kutetemeka. Nilidhani maumivu yamemzidi. Alikuwa anacheka.

Kwa wale ambao si wa huku: wazee wetu Wakipsigis waling'olewa meno mawili ya chini wakiwa watoto. Ni mila. Walisema mtu akiugua taya zikakaza, maziwa yatapitia hapo. Mimi ninaijua mila hiyo. Nyanya yangu mwenyewe ana pengo hilo hilo! Nikiwa mdogo nilikuwa nachungulia nione ulimi wake. Lakini leo kichwani mlikuwa na sheria tu, nyanya hakupata nafasi.

Kogo yeye hakucheka. Alinikazia macho.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Rono, wa Kipkelion." (Sauti ya panya.)

"Rono gani? Mjukuu wa Taprandich?"

"Ndiyo, kogo. Taprandich alikuwa nyanya ya baba."

Akapiga makofi. "Sasa ndiye huyo! Ndiye alining'oa mimi! Aling'oa watoto wa kijiji yote. Enda umshike, si unajua kaburi iko wapi?"

Kliniki ililipuka. Chebet alitoka ndani na glavu mkononi kuuliza kuna nini, akaelezwa, akarudi ndani kucheka vizuri. Daktari aliinama kana kwamba anatafuta kitu chini ya meza. Mkaguzi alivua miwani, akafuta machozi, akaivaa, kisha akaandika tena. Nikajua kazi imeenda.

"Daktari," akasema, "kliniki iko sawa. Na huyu msichana umwajiri, sheria anazijua. Ila mama yangu akija hapa kutoka Bomet, yeye asimhoji."

Kwa hivyo kazi nimepata. Kogo alipokuwa akitoka alinishika shavu, akaniambia damu haipotei. Daktari naye anauliza kama tutundike picha ya Taprandich kando ya leseni yake, kwa sababu ndiye mwenye uzoefu.

Tafadhali msinicheke. Na atakayeshindwa afunge mdomo, maana mimi nikiona pengo lazima niulize.