Mgonjwa wa Mazoezi

Jumatatu, 6 Juni 1988. Nyaishozi.

Jana kanisani lilisomwa tangazo. Nyumba ya Wazee pale misheni inataka mhudumu mmoja, mwanamume au mwanamke, mwenye huruma na uzoefu wa kutunza wagonjwa. Usaili ni Jumanne ijayo. Huruma ninayo. Uzoefu utapatikana kabla ya Jumanne.

Kazi hii lazima iwe yangu. Mke wangu Kokuhirwa yuko kwao Nyakasimbi tangu mwezi uliopita. Alikwenda kumuuguza mama yake, aliyeteleza mgombani akavunjika mguu. Hivyo ndivyo ninavyowaambia majirani, na ni kweli, ila si kweli yote. Siku anaondoka aligeuka mlangoni akasema atarudi atakaposikia nimeajiriwa. Kazi ya kuamka asubuhi, akasema, si mradi. Neno mradi alilitamka kama anatema mbegu ya ndimu. Yote hayo ni kwa ajili ya mradi wangu wa kufuga sungura! Wale sungura walikimbia wenyewe.

Watoto wawili kaondoka nao. Nyumba imekuwa kubwa mno. Nimemkumbuka, basi. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma.

Habari mbaya: Mutalemwa naye anaomba. Mutalemwa niliyekuwa namnong'oneza majibu ya hesabu darasa la saba! Siku hizi ana raba nyeupe, anatembea kama barabara kaachiwa na baba yake. Nimemuuliza huruma kaitoa wapi. Akasema palepale nilipoitoa mimi. Sikupenda jibu lile.

Jumanne, 7 Juni

Nimepata mgonjwa!

Ni Mzee Gaspari. Alitoka Burundi akiwa kijana kuja kufanya vibarua vya kahawa, akazeekea hapahapa, anaishi peke yake mwisho wa kijiji. Haumwi popote. Wiki iliyopita nilimwona kabeba mkungu wa ndizi kichwani, anapiga mluzi, tena anapanda mlima.

Nimemwendea kwa heshima. Shikamoo moja mlangoni, nyingine nilipokaa. Nikamweleza: aje kwangu awe mgonjwa. Nitamwosha, nitamlisha, nitamgeuza kitandani, mkono uzoee. Kwenye usaili nitasema ni mdogo wake babu yangu, nimemtunza miaka mitatu. Alitafuna buni zake za kahawa kwa muda mrefu. Akauliza anaumwa nini. Nikasema amepooza upande mmoja. Akauliza upande gani. Nikamwambia achague mwenyewe. Akachagua kushoto, maana mkono wa kulia ndio anaolia chakula.

Mungu hamtupi mja wake.

Jumatano, 8 Juni

Mgonjwa kaingia asubuhi kwa miguu yake, akajilaza kitandani kwangu, akapooza.

Nikachemsha maji ya kumwosha. Akasema ni ya baridi. Nikayarudisha jikoni. Akasema sasa ni ya kumnyonyolea kuku. Nikamkumbusha kuwa aliyepooza hasikii joto. Akajibu kwamba upande ule wa pili unasikia kwa niaba ya mwenzake. Uji kautazama, akauliza maziwa yako wapi. Ndizi na maharage kala sahani mbili, kisha akataka kugeuzwa. Nilipomgeuza, mgongo wangu ulitoa mlio. Amesema ninageuza kama mtu anayeviringisha gogo. Nitalala sebuleni, kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni.

Alasiri Eustadia, jirani yetu, alipita akitokea Nyakasimbi. Akaita nje kwamba ana habari za ukweni kwangu. Nilimjibu dirishani kuwa nina mgonjwa mahututi, habari zisubiri. Akauliza mgonjwa gani tena. Umbea tu! Nilifunga dirisha.

Ijumaa, 10 Juni

Nimeibiwa mgonjwa!

Nilikwenda kwa Rwegoshora kuazima koti jeupe. Rwegoshora ana bucha, na koti lake ndilo jeupe pekee hapa Nyaishozi, ukiacha lile doa la kifuani. Kurudi, kitanda kitupu. Nikamtafuta zahanati, nikamtafuta kanisani. Mzee nimemkuta barazani kwa Mutalemwa, kavikwa blanketi, ananyweshwa rubisi, pombe ya ndizi, kwa mrija. Kwangu alipooza upande mmoja. Kwa Mutalemwa kapooza pande zote mbili!

Nilimwambia Mutalemwa kuwa hata mwizi wa mbuzi ana haya kuliko yeye. Akajibu mgonjwa si mbuzi, ana hiari yake. Nikashika mkono wa kushoto wa mzee, yeye akashika wa kulia, tukavuta. Mzee akatuomba tuvute taratibu, watu wanapita. Halafu akatoa hukumu mwenyewe: asubuhi atapooza kwangu, kwa kuwa uji wangu una maziwa. Jioni atapooza kwa Mutalemwa, kwa kuwa kule kuna rubisi. Tumekubali. Tungefanyaje?

Nimemwona njiani akitoka kwangu kwenda kule. Anapiga mluzi.

Jumapili, 12 Juni

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo asubuhi nilimpa, kwa kumjaribu tu. Alilitazama, akausifu mpini wake, akanirudishia. Akasema ni huzuni kubwa, upande wake wa kushoto.

Koti nimelifua kwa sabuni ya magendo kutoka mpakani Murongo. Doa limekataa kutoka, ila sasa linanukia vizuri.

Baadaye tulifanya mazoezi ya maswali. Mzee aliigiza Sista, msimamizi wa Nyumba ya Wazee. Akaniuliza kwa nini nawapenda wazee. Nikajibu kwamba mzee ni hazina, ni mizizi ya mti, ni taa ya nyumba. Akasema huo ni uongo, lakini umepangwa vizuri, niuseme vilevile. Kisha akaniuliza, si kwa sauti ya Sista, kazi hii naitakia nini hasa. Nikamweleza habari za Kokuhirwa. Akasema, basi mwanangu, ongeza maziwa, tujitahidi.

Jumanne, 14 Juni

Usaili. Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Sista msimamizi ni mzungu, kafika mwaka jana, Kiswahili chake ni cha kitabuni. Alituketisha wote wawili katika chumba kimoja. Akaanza na Mutalemwa. Uzoefu? Mutalemwa akajibu bila kupepesa kwamba amemuuguza babu yake, Gaspari, aliyepooza, kwa miaka mitatu. Ebo! Yalikuwa maneno yangu yale, bila shaka mzee ndiye aliyempa. Zamu yangu ikafika na kichwani sikuwa na mgonjwa mwingine. Nikasema nimemuuguza babu yangu, Gaspari, aliyepooza, kwa miaka minne. Sista akauliza Nyaishozi ina akina Gaspari wangapi waliopooza. Nikasema ni ugonjwa unaozunguka.

Hata hivyo alitupeleka kwenye jaribio la vitendo. Kila mmoja kitanda chake nyuma ya pazia: umlishe mgonjwa uji, kisha umgeuze. Nikafurahi. Kulisha na kugeuza ndiyo kazi yangu! Nikavaa koti, nikachukua bakuli, nikashika pazia, nikalifungua.

Aliyelala pale alipiga ukelele wa yuuu, akajifunika blanketi gubigubi.

Sauti ile naijua. Miaka yote ya ndoa yetu nimeisikia kutoka chumba cha pili. Mama mkwe! Mama mzazi wa Kokuhirwa, aliyepaswa kuwa Nyakasimbi!

Mzungu hajui, lakini mtu yeyote wa hapa anajua. Mkwe hatazamwi usoni. Mkwe huli mbele yake, humpi mkono, mkikutana njiani unaingia mgombani mpaka apite. Mimi uso wake siujui, namjua kwa khanga. Sasa nimlishe? Nimgeuze? Mikono yangu hii, kiunoni mwa mkwe? Afadhali nife.

Sista akasema niendelee. Nikafikiri haraka, kama ilivyo kawaida yangu. Nikavua koti la Rwegoshora nikajifunika kichwani, nikamgeuzia mama mkwe mgongo, nikarudi kinyumenyume hadi kitandani. Kijiko nikakipitisha juu ya bega. Cha kwanza kilikwenda kwenye mto. Cha pili kilikwenda sikioni. Mama mkwe hakuniambia mimi, angeniambiaje? Aliuambia ukuta. Akauomba ukuta umwarifu huyo mtu kwamba mdomo uko chini kidogo. Nikauambia mlango nimesikia, na shikamoo. Ukuta ukapewa marahaba. Cha tatu kikaingia.

Sista akauliza kama hivi ndivyo nilivyomlisha Gaspari. Nikapiga magoti, koti kichwani, nikamwomba anipe kitanda kingine chochote, hata cha mwenye wazimu. Akasema mhudumu hachagui mgonjwa. Ni kweli. Lakini na mkwe je?

Hapo ndipo Kokuhirwa alipoingia na ndoo ya maji.

Nilimwona chini ya pindo la koti. Miguu yake kwanza, kisha yeye mzima. Sikuwa nimemwona tangu aondoke. Kapungua kidogo. Nilisahau kabisa habari za usaili. Alinitazama kuanzia doa la bucha hadi kijiko kilichobaki hewani. Hakucheka. Alichukua bakuli, akamfuta mama yake sikio, akamlisha, akamgeuza mara moja bila mguu mbovu kuguswa, huku akimsimulia jambo la kuchekesha kuhusu mtoto wetu mdogo. Mama mkwe akacheka ndani ya blanketi.

Sista akamuuliza amejifunza wapi. Akasema hapa na nyumbani, mwezi mzima. Nilijua mwisho wake kabla Sista hajafungua mdomo.

Jumatano, 15 Juni

Kazi kapewa Kokuhirwa. Hakuomba, hakusailiwa.

Mutalemwa kakosa pia. Alipoambiwa amgeuze mgonjwa wake alivua kwanza raba zake asizichafue, akaziweka kitandani. Hilo limenipoza kidogo.

Eustadia amepita. Habari aliyokuja nayo wiki ile ilikuwa hii: mkwe wangu amehamishiwa misheni, zahanati imejaa, kalazwa Nyumba ya Wazee mpaka mguu uunge, na Kokuhirwa yuko naye. Nikamwambia jambo kubwa kama lile angelisema kwa sauti. Akasema alisema, ila dirisha nililifunga.

Mchana nilikwenda hadi lango la misheni. Kokuhirwa akatoka kunisikiliza. Watapewa chumba hukohuko, yeye na watoto, maana zamu inaanza alfajiri. Nikamuuliza ile ahadi yake. Akasema iko palepale, siku nitakayoajiriwa anaomba zamu ya mchana na anarudi nyumbani. Halafu akasema mama yake anawaambia wagonjwa wote kwamba hajaona mkwe mwenye adabu kama mimi, mtu amemwaga uji sikioni na bado hakugeuka. Hapo ndipo alipocheka. Alicheka mpaka akashika lango. Nilisimama pale kama mjinga, nikitaka aendelee kucheka. Kengele ikalia, akarudi ndani.

Iliniuma. Naandika hivyo hivyo: iliniuma.

Jumapili, 19 Juni

Mzee Gaspari hajaondoka. Kwa Mutalemwa rubisi imekatika tangu usaili, kwa hiyo sasa yuko kwangu asubuhi na jioni. Namwosha, namlisha, namgeuza. Maji nimeyapatia. Amesema tangu azaliwe hajapata mtu wa kumhudumia kama mimi. Nilimuuliza atarudi kwake lini. Akasema nisimkaribishie msiba.

Eustadia kanijia na habari tena. Mara hii nimefungua dirisha, na mlango pia. Chama cha ushirika kinataka watu wa kuanika na kugeuza kahawa msimu wote, kuanzia kesho asubuhi. Jina langu amelitaja mwenyewe kwa karani, na karani kakubali. Nimemshukuru sana. Nikamwambia bahati mbaya sina nafasi, nafasi hiyo apewe Mutalemwa, hana la kufanya, maskini.

Eustadia akaenda zake. Hakujua kwamba nina mpango mkubwa zaidi.

Nimeuwaza tangu Jumatano na sijaona kasoro yake. Kokuhirwa hawezi kuja kwangu. Sawa. Lakini Nyumba ya Wazee inapokea yeyote asiyejiweza, na mhudumu hachagui mgonjwa, Sista kasema mwenyewe! Kwa hiyo nitapelekwa kwake. Atanilisha, atanigeuza, atanisimulia habari za watoto. Umri si tatizo, nitasema nimezeeka kwa mawazo. Mzee Gaspari kakubali kunifundisha. Kesho asubuhi atanibeba mgongoni hadi misheni, anasema si mbali.

Bado kuna kazi. Mzee anasema mkono umelegea vizuri, lakini mdomo wangu haujapinda vya kutosha. Naendelea na mazoezi mbele ya kioo. Kokuhirwa atafurahi akiniona.