Ukoo Kuanza Kunizika Kabla Sijaugua

Kwa Mzee wa Ukoo,
Opanyin Tweneboa,
Nyumba ya Ukoo,
Mampong.

Mjomba mheshimiwa,

YAH: KUREKEBISHWA KWA MAAGIZO YANGU YA MATIBABU BILA MIMI KUWEPO

Shikamoo. Natumaini goti limetulia. Nakuandikia nikiwa mzima. Nalitaja hili mwanzoni kwa sababu sehemu ya ukoo ina taarifa tofauti.

Mwezi uliopita muuguzi mmoja alikuja kanisani kwetu baada ya ibada. Alitushauri sisi watu wazima tuandike mapema namna tunavyotaka kutibiwa siku tutakapokuwa hatuwezi kusema, na kila mtu amtaje wa kumsemea. Mimi na mke wangu Nyarkoa tuliandika siku ileile, kila mmoja ya kwake, na kila mmoja alimtaja mwenzake. Yangu ni mafupi, maana maisha yangu yote nimeandika habari za mahakama na sijui kurefusha. Yanasema hivi: madaktari wakiona hakuna tumaini, nisiunganishwe na mashine, nisipelekwe hospitali kubwa ya Kumasi, nipunguziwe maumivu na niachwe nyumbani. Atakayenisemea ni Nyarkoa.

Nilikuletea nakala kwa heshima tu, ujue. Wewe ukaiitishia kikao. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sikuitwa. Pombe ya jini ya kufungulia kikao ilimiminwa chini kwa mababu, wazee wakaketi, nami nilikuwa nyumbani nakula fufu bila habari. Nilipouliza, dada yangu Birago alinijibu, "Kaka, mgonjwa haitwi kwenye kikao chake." Nikamwambia siumwi. Akasema, "Ndivyo wanavyosema wote."

2. Jina la Nyarkoa limekatwa kwa wino mwekundu na juu yake pameandikwa "Ukoo". Sababu naijua, nimezaliwa ndani yake: damu ya mtu ni ya mama yake, kwa hiyo mwili wangu ni wenu, na mke ni wa ukoo mwingine. Nimeambiwa ulisema, "Nyarkoa ni mwanamke mwema, lakini ni mgeni." Mjomba, mgeni huyu analala chumbani mwangu tangu tukiwa hatuna mvi. Anakijua kikohozi changu cha kweli na kile cha kukwepa ibada. Ukoo unajua urefu wangu tu, na nina wasiwasi umeupata kwa ajili ya jeneza.

3. Yameongezwa masharti ambayo sikuyaandika. Nisife msimu wa mvua, kwa kuwa mahema ya kukodi yanavuja. Nisife kabla binamu yetu Agyapong hajapata likizo kule Hamburg. Nikizidiwa kabla ya hapo, mashine iwashwe, hata kama ni Kumasi. Kwa hiyo mashine niliyoikataa imerudishwa, na muda wa kuizima utapangwa na mwajiri wa fundi wa lifti nchini Ujerumani.

4. Birago ameshachagua picha yangu ya tangazo la msiba la kubandikwa mitaani. Ni ya harusi ya mdogo wetu, nina nywele kichwa kizima. Nilimwambia simfahamu mtu huyo. Akasema, "Ya sasa itawatisha wageni."

5. Alhamisi alikuja fundi rangi kupima ukuta wangu. Ukoo ulimtuma apake upande wa mbele tu, watakakokaa waombolezaji. Paa langu limevuja miaka na miaka, nikiomba msaada naambiwa ukoo hauna mafungu ya nyumba za walio hai. Fundi alinipa pole, kisha akauliza, "Marehemu alikuwa nani wako, Mzee?" Nikamjibu kwamba tulikuwa tunaishi nyumba moja.

6. Hili ndilo la msingi. Maagizo yale yanaanza kufanya kazi pale tu madaktari wanapothibitisha kwamba siwezi kusema. Ukoo umeanza kuyatumia sasa. Nimelitafakari bila hasira na nimeona mna hoja: katika vikao vyetu sijawahi kumaliza sentensi tangu nioe, na mashahidi ni wengi. Ikiwa kutosikilizwa ni sawa na kutoweza kusema, basi mimi ni mahututi wa siku nyingi, na ninastahili kuhudumiwa kama mahututi.

Kwa hiyo naomba jina la Nyarkoa lirudishwe. Kama ukoo unasisitiza kunisemea, basi uichukue kazi yote, kuanzia Jumatatu. Waje kwa zamu, na beseni na kitambaa. Wanigeuze ubavu, wanioshe mgongo, wanipulizie uji. Sihitaji kikao kizima, wanatosha wenye mikono yenye nguvu. Agyapong anaweza kubaki na lifti zake.

Jambo lenyewe si kubwa. Siku hiyo ikifika, nataka anayezungumza na daktari awe mtu atakayefanya nilichosema mimi, hata kama moyo wake unakataa. Katika dunia hii mtu wa namna hiyo ni mwenzi wa ndoa peke yake. Wengine wote hufanya wanavyotaka wao.

Nisalimie wazee wote, pamoja na waliopiga kura dhidi yangu. Msalimie Birago, mwambie picha airudishe kwenye fremu. Shangazi aliyelala kikao kizima nampa salamu za pekee, kwani ndiye pekee ambaye hakunirekebisha.

Mpwa wako mtiifu, aliye hai,
Yaw Dankwa

Nyongeza: Barua hii ilikuwa bado mezani Jumapili, Nyarkoa alipoanguka jikoni. Homa ilimpanda kichwani, hakuweza kusema. Daktari alisema hawezi kunipa tumaini, akauliza kama mgonjwa aliacha maagizo. Yalikuwa mfukoni mwangu. Ameandika wazi: bila mpira puani, bila mashine, bila Kumasi. Sikuyatoa. Nilimwambia daktari aweke mipira yote aliyo nayo, ikipungua aazime, na Kumasi tulikwenda kwa king'ora.

Amezinduka. Anakula, anaisema vibaya supu ya hospitali, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Nani aliwaruhusu?" Nikasema ni wazee. Akauliza, "Wazee gani?" Nikakutaja wewe. Sasa anataka uamuzi huo auone kwa maandishi.

Najua yeye si wa ukoo wetu na huna mamlaka naye. Kwa hiyo naomba uitishe kikao kingine leo hii, mmpokee awe wetu, na tarehe muirudishe nyuma hadi Jumapili asubuhi. Jini nitaleta mimi.